Mfahamu Prof Thomas Odhiambo, Mkenya aliyewajengea wadudu mji wao

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi kwa matatu ya kwenda Westlands, ukishapita mzunguko wa Museum Hill utaona Bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wengi hupita pale bila kujua kwamba ndipo Profesa Thomas Odhiambo alipoanzishia kituo cha utafiti wa wadudu kinachojulikana leo duniani kote.

Odhiambo alizaliwa Mombasa mnamo Februari 4, 1931. Alisomea Maseno, kisha Makerere, Uganda, na baadaye akaajiriwa huko huko katika idara ya kilimo kushughulikia wadudu waharibifu.

Mwaka wa 1959 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Utafiti wake wa shahada ya uzamifu ulihusu tezi za uzazi za nzige dume wa jangwani. Nzige ni ndugu wa mbali wa senene, na pia wa wale panzi wa papasi ndefu wanaojificha katika misitu ya Mlima Kilimanjaro, wengi wao wakiwa na mabawa mafupi mno hata hawawezi kupaa. Kwa Odhiambo, kumjua mdudu vizuri kulikuja kwanza. Dawa ya kumuua ilifuata baadaye.

Alirejea Nairobi mwaka wa 1965 kufundisha. Kilichomkera ni kwamba wadudu wa Afrika walichunguzwa zaidi Ulaya, huku mkulima wa hapa akisubiri dawa ghali kutoka ng'ambo. Mwaka wa 1967 aliandika makala katika jarida la Science akitaka Afrika Mashariki ijenge sayansi yake yenyewe.

Maneno hayakuishia kwenye karatasi. Mwaka wa 1970 alianzisha ICIPE pale Chiromo, na mwanzo wake haukuwa wa kifahari: gereji iligeuzwa maabara. Baadaye kituo kilihamia Kasarani, mahali panapoitwa Duduville, yaani mji wa wadudu!

Kazi yenyewe iliwafikia wananchi. Kule Nguruman, Kajiado, watafiti wa kituo hicho walibuni mtego wa kitambaa wa kunasa mbung'o, chambo kimojawapo kikiwa mkojo wa ng'ombe. Je, ni mfugaji gani angekosa hicho?

Mwaka wa 1985 Odhiambo alikuwa rais mwanzilishi wa Chuo cha Sayansi cha Afrika, chenye makao yake mtaani Karen. Alihimiza pia uchapishaji wa vitabu vya sayansi kwa watoto wa Afrika.

Alifariki Mei 26, 2003, akiwa na umri wa miaka 72. Nzige walipovamia Kenya mwishoni mwa 2019, watafiti wa Duduville walikuwa miongoni mwa waliochora ramani za maeneo wanakoweza kutaga mayai. Safari hii, kazi hiyo ilifanyika hapa hapa Nairobi.