AMY JOHNSON: LONDON HADI DARWIN KWA SIKU 19

Ukimwuliza mtu Australia ni mbali kiasi gani, atakutajia kilomita. Mimi nawaletea habari za bibi mmoja aliyecheleweshwa zaidi na mambo ya huku chini kuliko umbali wa angani.

Amy Johnson alizaliwa Hull, Uingereza, mwaka 1903, binti wa mfanyabiashara wa samaki. Alisoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Sheffield, kisha akapata kazi katika ofisi ya mawakili mjini London. Huku akifanya kazi alijifunza urubani. Tena, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, alijifunza ufundi wa ndege, akawa mwanamke wa kwanza wa Uingereza kupata cheti hicho.

Tarehe 5 Mei 1930 aliruka kutoka Croydon, London, peke yake, kwa ndege kuukuu aliyoiita Jason. Haikuwa na redio wala paa. Alitaka kuishinda rekodi ya Bert Hinkler, aliyefika Darwin kwa siku 15 na nusu mwaka 1928.

Nilipiga hesabu. Jason ilikwenda kilomita 140 hivi kwa saa, na njia yake ilikuwa kama kilomita 17,700. Ukigawanya unapata saa 126, yaani siku 5 na ushee. Sasa siku zingine zilienda wapi?

Kwanza alilazimika kutua mara kwa mara kutia mafuta na kulala. Halafu kabla ya Baghdad, dhoruba ya mchanga ilimshusha jangwani, akabaki kuishikilia ndege isipeperushwe. Hata hivyo alifika Karachi kwa siku 6, akiwa amemtangulia Hinkler kwa siku 2. Lo! Karibu na Rangoon akatua kwenye uwanja wa michezo wa chuo cha ufundi, ndege ikaingia mtaroni ikavunjika. Wanafunzi, vijana kama sisi, walisaidia kuitengeneza. Bawa lilitiwa viraka vya mashati yaliyoshonwa kwa kitambaa cha ndege kilichobaki tangu Vita Kuu ya Kwanza. Si mchezo!

Alifika Darwin tarehe 24 Mei, baada ya siku 19 na nusu. Rekodi ilimponyoka, lakini hakuna mwanamke aliyewahi kuruka njia hiyo peke yake kabla yake. Mwaka 1932 aliruka Uingereza hadi Cape Town kwa siku 4 na saa 7 hivi, akaivunja rekodi ya mume wake mwenyewe!

Mwaka 2018 ndege za abiria zilianza kwenda London hadi Perth, Australia, bila kutua, kwa saa 17 hivi.

Amy hakuzeeka. Tarehe 5 Januari 1941, wakati wa vita, alikuwa akipeleka ndege ya jeshi kutoka Blackpool hadi karibu na Oxford, safari ya kama saa moja tu. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, akapotea njia kwa saa nyingi, mwishowe akaruka kwa mwavuli akaangukia mlangoni mwa mto Thames. Nahodha mmoja alijitosa majini kumwokoa, naye akafa. Maiti ya Amy haikupatikana.