John Carrington, Mzungu aliyejifunza kusema kwa lokole kando ya mto Kongo

BANGBOKA, Kisangani – Abiria anayeshuka kutoka ndege kwenye uwanja wa Bangboka, kilomita zipatazo 17 mashariki ya mji wa Kisangani, huwasha simu kabla hata ya kuchukua mizigo yake. Wakati anapopanda pikipiki kuelekea mjini, jamaa wanajua tayari kwamba amefika, na chakula kimewekwa kwenye moto.

Mwaka wa 1938, kijana mmoja Mwingereza alifika ngambo nyingine ya mji huo, huko Yakusu, kilomita zipatazo 20 ukishuka na mto. Simu haikuwako vijijini. Lakini yeye pia alikuta habari zake zinamtangulia kila alikokwenda. Aliyepeleka habari hizo alikuwa gogo la mti.

Kijana huyo aliitwa John Carrington. Kwa kufuata mlio wa gogo hilo alikuja kuwa mmoja wa wachunguzi wa kwanza duniani kueleza, kwa ushahidi wa kisayansi, namna binadamu wanavyoweza kuzungumza kutoka mbali kwa chombo. Leo vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani vina idara nzima za kuchunguza simu, michezo ya video na vyombo vingine ambavyo mtu hutumia kuzungumza na mwenzake au na mashine. Kwenye jimbo la Tshopo, utafiti wa namna hiyo ulianza na lokole.

Kutoka Rushden hadi Yakusu

Carrington alizaliwa mwaka wa 1914 katika mji mdogo wa Rushden, Northamptonshire, Uingereza. Akiwa na umri wa miaka 24 alijiunga na shirika la wamisionari wa Kibaptisti la Uingereza, BMS, akatumwa Kongo ya Wabelgiji. Misioni ya Yakusu ilikuwa ya zamani tayari, ikiwa na kanisa, shule na hospitali, katikati ya vijiji vya Walokele, watu wa mto, wavuvi na wachuuzi wa mitumbwi.

Siku moja alifunga safari ya ghafla kwenda kijiji cha Yaongama, bila kumtuma mtu mbele. Alipofika aliwakuta mwalimu, muuguzi na waumini wamekusanyika wanamngojea. Aliuliza wamejuaje. Wakamjibu kwamba ngoma iliwaambia.

Wazungu wengine waliopita mto huo walikuwa wamesikia ngoma hizo pia. Henry Morton Stanley alizisikia aliposhuka mto mwaka wa 1877. Wengi walidhani ni alama za vita, au kitu kama Morse, ile namna ya telegrafu ambapo kila herufi ina mapigo yake. Hakuna aliyepata kueleza vizuri jinsi watu wasiokuwa na alfabeti wangeweza kupiga herufi. Carrington aliamua kujifunza mwenyewe.

Sauti mbili za gogo moja

Lokole ni gogo lililochimbwa ndani kupitia ufa mwembamba ulio juu yake. Mbao zinazopendwa ni ngumu na nyekundu, kama ile ya mti wa ngula. Fundi huacha mdomo mmoja wa ufa ukiwa mnene na mwingine mwembamba, ndiyo sababu kila upande hutoa sauti yake, mmoja ya juu na mwingine ya chini. Walokele huziita sauti ya mwanamume na sauti ya mwanamke. Mpigaji hutumia fimbo mbili zilizofungwa mpira kichwani.

Siri ilikuwa ndani ya lugha yenyewe. Kikele, kama lugha nyingi za Kongo, kina toni. Neno moja likisemwa kwa sauti ya juu au ya chini hubadilika maana. Wamisionari wa kwanza walioandika lugha hiyo kwa herufi za Kizungu waliacha toni nje ya maandishi. Waliona matokeo yake kanisani, pale watu walipocheka katikati ya mahubiri.

Mfano ambao Carrington aliupenda ni sentensi ya maneno mawili tu, alambaka boili. Ukiitamka kwa toni moja, umesema kwamba mtu alikuwa akiangalia ukingo wa mto. Ukikosea toni, umesema kwamba alimchemsha mama mkwe wake.

Kumbe lokole haikuwa ikipiga herufi. Ilikuwa inasema Kikele chenyewe, ikiacha konsonanti na vokali, ikibakiza toni peke yake. Mmisionari mwingine, R. T. Clarke, alikuwa ameandika jambo la namna hiyo mwaka wa 1934 kuhusu Watumba. Carrington ndiye aliyekwenda mbali zaidi na kuonyesha hatua kwa hatua jinsi linavyofanyika.

Kwa nini ngoma inasema maneno mengi

Hapo lilizuka swali gumu. Kama ngoma inabakiza toni tu, maneno mengi yatafanana. Kwa Kikele, sango ni baba, songe ni mwezi, koko ni kuku na fele ni aina ya samaki. Yote manne yana toni mbili za juu. Mtu akipiga mara mbili juu, msikilizaji atajuaje kama anaitwa baba au anatafutwa kuku?

Jibu ambalo Carrington alilipata kwa wapigaji ni kwamba hawapigi neno peke yake hata siku moja. Mwezi huongezewa kwamba ni ule unaoitazama dunia toka juu. Kuku huongezewa kwamba ni yule mdogo anayelia kiokio. Kila kitu kina mkia wake wa maneno, uliowekwa na wazee na kujulikana na wote. Mkia huo una toni zake, na kwa kuufuata msikilizaji huondoa maana zote nyingine mpaka inabaki moja.

Kwa hiyo ujumbe wa lokole hurefuka. Carrington alipima akaona kwamba ngoma inahitaji maneno mara nane hivi kuliko yale ambayo mtu angesema kwa mdomo. Wazungu waliosikia tafsiri za jumbe hizo walidhani Waafrika wanapenda mashairi na mapambo. Carrington alionyesha kwamba kila neno la ziada lilikuwa na kazi. Bila hilo, ujumbe ungepotea njiani.

Usiku au alfajiri, mto ukiwa umetulia, lokole nzuri husikika hadi kilomita 10 hivi. Kijiji kinachopokea hupiga tena kwa kijiji kinachofuata. Umbali kama wa kutoka Bangboka hadi Yakusu ungehitaji wapigaji wanne tu, na habari ingefika mapema kuliko mtumbwi au baiskeli yoyote ya wakati ule.

Mwaka mmoja baada ya Shannon

Mwaka wa 1949 Carrington alichapisha vitabu viwili. Kimoja, kilichotolewa Bruselas na taasisi ya kifalme ya ukoloni ya Ubelgiji, kililinganisha lugha za ngoma za makabila mbalimbali ya Afrika ya Kati. Kingine, Talking Drums of Africa, kilitolewa London kwa ajili ya wasomaji wa kawaida.

Mwaka mmoja kabla, yaani 1948, mhandisi Mmarekani Claude Shannon, aliyefanya kazi kwenye maabara ya kampuni ya simu ya Bell, alitoa andiko ambalo limekuwa msingi wa simu, kompyuta na intaneti. Shannon alieleza kwa hesabu kwamba ujumbe unaopita katika makelele unaweza kufika salama kama umeongezewa ziada inayofaa. Alikadiria kwamba karibu nusu ya Kiingereza cha kawaida ni ziada ya namna hiyo, ndiyo sababu mtu anaweza kusoma barua yenye herufi zilizofutika. Mnamo 1950 Shannon huyohuyo aliandika jinsi kompyuta inavyoweza kuchezeshwa mchezo wa sataranji, akatengeneza pia panya wa mashine anayetafuta njia katika kizuizi. Wanaochunguza historia ya michezo ya kompyuta wanahesabu kazi hizo kati ya hatua za mwanzo.

Kila mmoja alifanya kazi yake mbali na mwenzake. Mmoja alikuwa na hesabu na waya za simu za Marekani, mwingine alikuwa na wazee wa Yakusu na gogo la ngula. Walifika penye jambo moja. Tofauti ni kwamba Walokele walikuwa wanalitumia jambo hilo tangu zamani, kabla ya mtu yeyote kuliandika kwa hesabu.

Nao hawakulitumia kwa mambo mazito peke yake. Lokole ilitangaza vifo na kuzaliwa, iliita watu kazini, kanisani na shuleni. Pia iliita vijana kwenye dansi na mieleka, ikataja majina ya sifa ya wapiganaji, ikafanya utani. Ilikuwa chombo cha habari na cha burudani kwa pamoja, na kijiji kilichosikia kiliweza kujibu.

Jina lake la ngoma

Kila Mlokele alikuwa na jina la ngoma, na Carrington naye alipewa lake. Lilimtaja kama Mzungu aliye mzimu wa msituni. Watu wa Yakusu walikuwa na maelezo yao kuhusu yeye. Walisema kwamba zamani alikuwa mtu wa kijiji chao, akafa, na mizimu ikakosea njia ikamzalisha kwa Wazungu. Kama alikosea toni akiwa anapiga, walimsamehe, kwani malezi mabaya ya ugenini ndiyo yaliyomharibu.

Katika miaka ya 1950 alihamia Yalemba, ukishuka zaidi na mto, kuongoza shule ya misioni. Alikuwa na desturi ya kutembea msituni. Ilipofika saa ya chakula, mke wake, Nora, alimwita kwa lokole. Hakupiga tu kwamba chakula tayari. Alipiga jina refu la mumewe, akamwambia arudi kwenye nyumba ya juu ya mzimu huyo wa msituni, ambako mwanamke mwenye chakula anamngojea. Carrington alisikia na kurudi.

Kongo ilipata uhuru mwaka wa 1960. Mnamo 1963 Waprotestanti walifungua Chuo Kikuu Huru cha Kongo katika mji uliokuwa bado unaitwa Stanleyville, na ambao tangu 1966 unaitwa Kisangani. Carrington alifundisha humo. Desemba 1971 alieleza lokole kwa wasomaji wa gazeti la sayansi la Marekani, Scientific American. Mwaka huo chuo kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na tangu 1981 kinaitwa Chuo Kikuu cha Kisangani. Mnamo 1974 kitabu chake La Voix des tambours kilitolewa Kinshasa, na hivyo wasomaji Wakongo wakapata utafiti wake kwa Kifaransa.

Alichokiandika kikiwa kinakufa

Lakini wakati Carrington anajaza madaftari yake, wapigaji walikuwa wanapungua. Aliliona hilo yeye mwenyewe na kulisikitikia. Vijana wengi walijua jina lao la ngoma, lakini hawakujua kupiga ujumbe. Wengine hawakuwa nalo kabisa.

Kuna jambo chungu katika habari hiyo. Mtoto alijifunza lokole kwa kukaa kijijini na kusikiliza wakubwa asubuhi na jioni. Shule, ambazo Carrington alizitumikia maisha yake yote, zilimtoa mtoto huyo kijijini na kumfundisha Kifaransa na herufi. Kikele chenyewe kikapisha Lingala na Kiswahili sokoni na barabarani. Mikia ya maneno iliyotungwa na wazee ilihitaji lugha iliyo hai, na bila lugha hiyo lokole inabaki kelele yenye midundo miwili.

Carrington alirudi Uingereza uzeeni, akafariki mwaka wa 1992, akiwa na umri wa miaka 78. Hakuishi kuona simu za mkononi zikienea Tshopo. Katika vijiji vingi vya mto watu walitoka moja kwa moja kwenye lokole kwenda kwenye simu ya mfukoni, bila kupata kamwe simu ya waya wala telegrafu nyumbani kwao.

Siku hizi lokole inasikika hasa kanisani, kwenye sherehe na katika vikundi vya ngoma za asili. Inapigwa kwa ajili ya kucheza, na ni wachache wanaoweza kuifanya iseme. Vitabu vya mmisionari wa Yakusu vimehifadhiwa katika maktaba za London, Bruselas na Marekani, na wataalamu wa mawasiliano wa nchi hizo wanaendelea kuvitaja kama mfano wa akili kubwa ya binadamu. Akili hiyo ilikuwa ya wavuvi wa Yakusu, Isangi na Yalemba. Kijana wa Kisangani anayetaka kuchunguza namna simu na michezo yake inavyozungumza naye anaweza kuanza kwa kumtafuta mzee wa Kilokele ambaye bado anajua mkia wa neno mwezi.