Adrian Atiman, Tabibu wa Karema

1. Karema iko wapi?

Ndugu msomaji, chukua ramani ya Tanzania. Weka kidole chako juu ya Ziwa Tanganyika. Anzia Kigoma, kisha ufuate ukingo wa ziwa kwenda kusini. Utafika mahali panapoitwa Karema, katika Mkoa wa Katavi.

Hapo Karema aliishi mtu mmoja kwa muda wa miaka 67. Hakuzaliwa hapo. Hakuzaliwa hata Tanzania. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Akauzwa utumwani akiwa mtoto. Lakini alipokuwa mkubwa hakulipa ubaya kwa ubaya. Aliwatibu watu na kuwafundisha mpaka akawa mzee. Jina lake ni Adrian Atiman.

Huenda wewe ni Mkristo. Huenda ni Mwislamu, au unafuata mila za wazee wako. Habari za mtu huyu zinakufaa pia. Soma polepole, na mwisho utajiuliza mwenyewe: mimi ningefanya nini?

2. Mtoto anauzwa

Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866. Kwao ni kando ya mto mkubwa uitwao Niger, si mbali sana na mji wa Timbuktu. Mji huo ulijulikana tangu zamani kwa wanavyuoni wake na kwa biashara ya chumvi na dhahabu. Lakini kulikuwa na biashara nyingine pia, biashara ya watu.

Atiman alikuwa bado mtoto alipotekwa na kuchukuliwa mbali na wazazi wake. Wateka watu walimvusha jangwa la Sahara. Wewe unajua kiangazi cha kwetu, wakati visima vinapokauka. Sahara ni kiangazi kisichokwisha. Safari ya kuvuka jangwa hilo ilichukua wiki nyingi. Watumwa wengi walikufa njiani kwa kiu na kwa uchovu.

Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Mtoto wa umri wa kuchunga mbuzi anaachwa bila mama, bila baba, bila jina la ukoo wake. Watu wanamtazama meno na mikono, wanapatana bei yake, kama vile unavyopatana bei ya mbuzi mnadani. Hilo ndilo lililompata Atiman.

3. Mtoto anakombolewa

Upande wa kaskazini wa jangwa iko nchi ya Algeria. Huko walikuwako mapadre wa Kikatoliki wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa mji wa Algiers. Mwaka 1882 yeye alifanywa Kardinali. Mapadre wake walivaa kanzu nyeupe, kwa hiyo watu waliwaita Mapadre Weupe.

Mapadre hao walimwona mtoto Atiman mikononi mwa wafanya biashara. Wakatoa fedha, wakamkomboa. Alikuwa na umri wa miaka kama 10.

Hapa ni vizuri tuseme kweli yote. Kumkomboa mtumwa kwa fedha kulikuwa na ubaya wake. Mfanya biashara aliyepata fedha aliweza kwenda kuteka mtoto mwingine. Lavigerie aliona kwamba kukomboa mmoja mmoja hakutoshi. Mwaka 1888 alizunguka Ulaya, akahubiri Paris, London na Brussels, akiwataka watu na serikali zao waikomeshe biashara yenyewe. Lakini mtoto aliyesimama mbele yako leo hawezi kungoja mpaka serikali zikutane. Kwa hiyo mambo yote mawili yalihitajika: kuukata mti, na kumfungua yule aliyefungwa kwenye mti.

Atiman alifundishwa dini na kusoma. Baadaye alibatizwa, akaitwa Adrian.

4. Anajifunza uganga

Kardinali Lavigerie alikuwa na shauri moja kubwa. Aliona kwamba Waafrika watafundishwa vizuri zaidi na Waafrika wenzao. Aliona tena kwamba mtu mwenye maumivu hawezi kusikiliza mahubiri. Kwanza osha kidonda chake. Kwanza mpe dawa ya homa. Akipona, ataona mwenyewe kwamba unampenda, na ndipo mtazungumza. Katika alama ya uaskofu wake Lavigerie aliandika neno moja tu, na maana yake ni Upendo.

Kwa hiyo aliwachagua vijana waliokombolewa utumwani, akawapeleka Malta. Malta ni kisiwa kidogo katika bahari iliyo kati ya Afrika na Ulaya. Huko kuna chuo kikuu cha zamani. Vijana hao walianza kwenda huko mwaka 1881, na Adrian Atiman alikuwa mmoja wao. Walisoma uganga wa hospitali: mwili wa mtu ulivyo, magonjwa, dawa, na jinsi ya kutibu majeraha.

Wako watu wanaosema kwamba mtu aliyeteswa sana utotoni hawezi kujifunza. Tena wako wanaosema kwamba elimu ya udaktari si ya mtu mweusi. Zamani maneno hayo yalisemwa sana. Atiman hakuwajibu kwa maneno. Alisoma kwa miaka mingi mpaka akamaliza masomo yake, mwaka 1888.

Lavigerie alitaka pia vijana hao wasigeuke kuwa Wazungu. Alitaka waoe, walime, wajenge, na waishi kati ya watu kama watu wengine. Tabibu anayekaa juu ya mlima haoni mgonjwa aliyelala bondeni.

5. Safari ya kwenda ziwani

Baada ya masomo Atiman alisafiri mpaka Zanzibar, kisha akavuka kwenda bara. Siku hizo hapakuwa na reli wala barabara ya magari. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Misafara ilikwenda kwa miguu, na wapagazi walibeba mizigo kichwani na mabegani. Kutoka pwani mpaka Ziwa Tanganyika ni zaidi ya kilomita 1,000. Ilikuwa safari ya miezi.

Njia za misafara ndizo zile zile walizopitishwa watumwa na pembe za ndovu, kutoka ziwani hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi pwani. Kijana aliyewahi kuwa mtumwa alikuwa akienda kule walikotoka watumwa. Angeweza kubaki Malta au Algiers, mahali penye usalama. Hakubaki. Alifika Karema mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka kama 23.

6. Kazi ya Karema

Karema ilikuwa ngome. Wabelgiji waliijenga mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe. Kwa nini misioni ikae ndani ya ngome? Kwa sababu nchi haikuwa na amani. Watekaji walizunguka kandokando ya ziwa, upande huu na upande wa Kongo. Vijiji vilichomwa moto. Wengine walioteka watu walitoka pwani, na wengine walikuwa wenyeji wa huku huku, wakiuza jirani zao kwa bunduki na nguo. Wanawake na watoto waliotoroka au kukombolewa walikimbilia Karema.

Sasa mwone Atiman kati ya watu hawa. Anamtazama mtoto asiye na mama. Hahitaji kuelezwa jinsi mtoto huyo anavyojisikia. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto kama huyo.

Kazi yake ilikuwa mbili katika moja. Alikuwa tabibu na alikuwa katekista, yaani mwalimu wa dini. Aliwatibu wagonjwa, na aliwafundisha waliotaka kufundishwa.

Magonjwa ya nchi hiyo yalikuwa mengi. Homa ya malaria ilikuwapo kila msimu. Ndui iliua watu wengi na kuwapofusha wengine. Leo ndui haipo tena, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba imekwisha duniani kote. Lakini wakati wa Atiman kijiji kikisikia ndui, watu walikimbia na kuacha hata mazao shambani. Kisha yalikuja malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Tena walikuwapo watu wenye vidonda na majeraha.

Hapakuwa na hospitali kubwa karibu ya kumpeleka mgonjwa aliyezidiwa. Dawa zilizoagizwa zilichukua muda mrefu kufika. Tabibu alitumia kile alichokuwa nacho, na mikono yake.

7. Kuishi kati ya watu

Atiman alioa huko huko. Mke wake aliitwa Agnes Wansahira. Karema ikawa kwao. Mwana wao Joseph alisoma akawa padre.

Pima jambo hili, ndugu msomaji. Baba aliuzwa kama mnyama, akiwa hana ukoo wala kabila la kumtetea. Mwanawe akasimama altareni, na watu wakamwita Baba. Kati ya hayo mawili kuna maisha ya mtu mmoja tu.

Miaka ilipita. Atiman alifika wakati Wajerumani walikuwa wanaanza kuitawala nchi. Aliiona Vita Kuu ya mwaka 1914 ikipiganwa hata juu ya maji ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliondoka, wakaja Waingereza. Mwaka 1922 sheria ilitolewa Tanganyika ya kukomesha utumwa kabisa. Watawala walibadilika, bendera zilibadilika, bali tabibu wa Karema alibaki yule yule. Kanisa na Serikali walimpa heshima kwa kazi yake, na sifa zake zilienea mbali na Karema.

Adrian Atiman alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka karibu 90. Ilibaki miaka mitano tu Tanganyika ipate uhuru. Jina lake halikusahauliwa. Mjini Sumbawanga iko hospitali inayoitwa kwa jina lake.

8. Tunajifunza nini?

Wakatoliki wanasema kwamba kazi ya kueneza dini yao msingi wake ni upendo na huruma. Maneno hayo ni rahisi kuyasema. Lakini watu hawali maneno. Mgonjwa anajua upesi nani anampenda na nani anamhesabu tu. Ukimpa mtu dawa ili aingie dini yako, na asipoingia ukamnyima, hiyo si huruma, ni biashara. Umemnunua. Na Atiman alijua vizuri kabisa maana ya kununuliwa.

Kwa hiyo dawa inatangulia, na haina masharti. Mtu akipona, yeye mwenyewe atachagua. Watu wengi wa kandokando ya ziwa waliingia dini ya Kikatoliki, na Karema ikawa makao ya maaskofu kwa miaka mingi. Hawakuvutwa na ngome. Ngome ilizuia risasi tu. Kuta za mawe haziwezi kumfanya mtu apende.

Liko fundisho la pili. Mtu aliyetendewa ubaya ana njia mbili. Anaweza kusema: mimi niliteswa, basi na wengine wateswe. Au anaweza kusema: mimi niliteswa, basi ubaya huu uishie kwangu. Njia ya kwanza ni nyepesi. Inateremka yenyewe kama maji. Njia ya pili ni kupanda mlima kila siku. Atiman aliipanda kwa miaka 67.

Liko na la tatu. Elimu aliyoipata hakuificha. Wewe sasa unajua kusoma. Jirani yako hajui. Barua yake ikifika, au cheti cha mtoto wake kutoka zahanati, utamsomea? Utamwambia kweli yote iliyoandikwa, bila kumdai chochote? Basi hapo ndipo unapoanza kazi kama ile ya Atiman. Haihitaji kwenda Malta.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Atiman alizaliwa nchi gani, na alifikaje Karema?
2. Kwa nini kumkomboa mtumwa kwa fedha hakukutosha kuikomesha biashara ya watumwa?
3. Kwa nini Lavigerie alitaka matabibu wake waishi kama wanakijiji wengine?
4. Kuna tofauti gani kati ya kumsaidia mtu kwa huruma na kumsaidia ili umnunue? Toeni mifano ya kijijini kwenu.
5. Katika kijiji chenu, ni nani asiye na ndugu wa kumtazama? Darasa letu linaweza kumfanyia nini wiki hii?