Nansen: Aliyesafiri na barafu, akawapa pasi wasio na kwao

Wengi wetu tuliowahi kuikimbia nchi yetu tumelisikia jina la Fridtjof Nansen wa Norway kwa ajili ya pasi. Lakini mtu huyu alianzia kwenye bahari ya barafu, na huko ndiko nitakakoanzia, ndugu msomaji.

Alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861 karibu na Christiania, mji ambao leo ni Oslo, akasomea elimu ya wanyama. Mwaka 1882 alipanda meli ya wawindaji wa sili, ikanaswa na barafu karibu na Greenland. Yeye akaitumia safari hiyo kuchunguza maji na viumbe vyake.

Mwaka 1884 mabaki ya Jeannette, meli ya Kimarekani iliyozama kaskazini ya Siberia mwaka 1881, yaliokotwa Greenland. Nansen akawaza: kama mabaki yamevuka, basi barafu inasafiri, na meli yaweza kusafiri nayo. Mabingwa wengi walimpinga. Hata hivyo fundi Colin Archer alimjengea Fram, meli yenye tumbo la mviringo, ili barafu ikiibana iinyanyue badala ya kuivunja. Juni 1893 akatoka na wenzake 12, na Septemba meli ikaganda.

Huko kazi ilikuwa kupima. Walitia bildi wakidhani bahari ni ya kina kidogo, kamba zikawa fupi. Ikabidi wafumue waya wa chuma wa meli, wakakuta kina cha zaidi ya meta 3,000. Chini ya maji baridi ya juu walikuta tabaka la maji yenye joto zaidi na chumvi nyingi, yatokayo Atlantiki. Kwa hadubini, Nansen aliona mimea midogo ikiishi katika madimbwi juu ya barafu. Aliona pia kuwa barafu haifuati upepo sawasawa, huenda kuume kwake. Baadaye Msweden Ekman alieleza sababu kwa hesabu: ni kuzunguka kwa dunia.

Machi 1895 Nansen na Hjalmar Johansen waliiacha meli, wakafika nyuzi 86 na dakika 14, karibu na ncha kuliko yeyote kabla yao. Mwaka 1896 wote 13 walirudi hai.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alisimamia kurudishwa makwao kwa mateka zaidi ya 400,000. Mwaka 1921 Shirikisho la Mataifa lilimfanya Kamishna wa Wakimbizi. Mwaka uliofuata alianzisha pasi yenye jina lake, iliyokuja kukubaliwa na serikali zaidi ya 50, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mimi nilirudi nyumbani na karatasi moja ya kambini, nikaulizwa mpakani mara tatu kama ni yangu. Mwenye kuvusha mzigo naye anajua: bila karatasi, mali huzuiliwa na mwenyewe huitwa mzururaji. Ndiyo maana kazi hii ya pili ya Nansen naiona kubwa kuliko ya kwanza.

Alifariki tarehe 13 Mei 1930. Tangu 1954 Umoja wa Mataifa hutoa tuzo yenye jina lake kwa wanaowasaidia wakimbizi. Na meli ya utafiti iitwayo Dr. Fridtjof Nansen imewahi kupima samaki katika maji ya Kenya na Tanzania. Jina lake, basi, limefika hadi baharini kwetu.