Mkono wa Kaisari

Wasomaji wetu wa Mpanda na Karema huenda walisikia kwa babu zao habari za rupia ya Wadachi, ambayo zamani kodi ya nyumba ililipwa kwayo. Juu ya fedha ile palikuwa na sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya chuma yenye tai. Ilionyesha kichwa na kifua tu. Twataka kusimulia habari za mkono wake wa kushoto.

Alizaliwa Berlin tarehe 27 Januari 1859. Mama yake, binti wa Malkia Victoria wa Uingereza, alipata uchungu mzito, maana mtoto alitangulia kutoka matako. Katika kumvuta, mishipa ya bega ikaumia, mkono ukapooza. Alipokuwa mtu mzima ulipungua kwa sentimita 15 hivi kuliko wa kuume. Waganga wakajaribu kila njia. Waliutia ndani ya mwili wa sungura aliyechinjwa wakati ule ule, ili joto lake liuponye, wakaufunga ule mzima, mtoto apate kuutumia mwingine, wakautia umeme. Haikufaa kitu. (Basi tusiwacheke waganga wa kwetu peke yao.)

Kupanda farasi ndiko kulikomtesa zaidi, kwa kuwa asiye na mikono miwili hukosa kusimama sawa, naye alikuwa wa kuongoza askari. Mwalimu wake Hinzpeter, kama alivyoandika Kaisari mwenyewe baadaye, alimweka juu ya farasi pasipo vikuku vya kutilia miguu. Mtoto akaanguka, akalia, akarudishwa juu, majuma kwa majuma, hata akajua.

Akatawala tangu 1888. Akawinda kwa bunduki, akala kwa uma wenye makali ya kisu. Lakini katika picha mkono ule hukaa juu ya upanga, au hushika glavu, ili ufupi wake usionekane. Wako wasemao ya kwamba ukali wake na vita vyake vilitoka katika mkono huo. Sisi hatukubali, wenye mkono wa namna hiyo wako vijijini mwetu, nao hawakumpiga mtu vita.

Novemba 1918 akapoteza enzi, akakimbilia Uholanzi. Huko Doorn, akikata kuni kila siku, hakuwa na jeshi la kukagua. Ndiko alikoandika kitabu cha ujana wake, umri ukikaribia miaka 70, akaeleza waziwazi habari za mkono wake, na machozi ya juu ya farasi. Alikufa huko tarehe 4 Juni 1941.