Philly Lutaaya: Mwimbaji aliyekataa kuficha maradhi

WAHENGA walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ilipata uzito wa kipekee Aprili 1989 nchini Uganda, pale mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alipotangaza hadharani kwamba alikuwa na Ukimwi.

Wakati huo maradhi hayo yalitajwa kwa minong'ono katika pande zote mbili za mpaka. Waganda waliyaita Slim kwa jinsi yalivyomkondesha mgonjwa. Huku magharibi mwa Kenya, kutoka Busia hadi Kakamega, wengi waliofariki walidhaniwa wamerogwa au wamevunja mwiko. Hakuna mtu mwenye jina kubwa aliyekuwa amesimama mbele ya Waganda na kukiri kwamba yeye ni mmoja wa wagonjwa.

Lutaaya alizaliwa Oktoba 1951. Alianza kuimba mwishoni mwa miaka ya 1960, na katika mwongo uliofuata, Uganda ilipokuwa chini ya utawala wa kiimla wa Idi Amin, alitafuta riziki ya muziki katika nchi za nje, zikiwemo Kongo na Kenya. Mwaka wa 1984 alihamia Stockholm, Uswidi. Huko ndiko alikorekodi albamu ya Born in Africa, ambayo ilimpa umaarufu mkubwa nyumbani. Nyimbo zake za Krismasi, alizoimba kwa Kiganda, zingali zinasikika kote Uganda kila Desemba inapowadia.

Mtu wa hadhi hiyo angeweza kunyamaza. Alikuwa mbali na kwao, katika nchi yenye hospitali bora, na hakuna aliyemlazimisha kusema lolote. Isitoshe, kusema hakukumpa tumaini la kupona. Dawa ya AZT ilikuwa imeidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 1987, lakini mseto wa dawa unaowawezesha wagonjwa wa leo kuishi miaka mingi haukupatikana hadi mwaka wa 1996. Kutangaza kwamba una Ukimwi mwaka wa 1989 kulikuwa sawa na kutangaza kifo chako mwenyewe.

Wengi hawakumwamini. Alionekana mwenye afya, amevalia nadhifu, na baadhi ya watu walidai kwamba alikuwa akitafuta soko la muziki wake. Lutaaya hakurudi nyuma. Alizunguka shuleni na makanisani akiwasimulia vijana jinsi virusi vinavyoambukizwa na jinsi vinavyoweza kuepukwa, na akawasihi watu wasiwatenge wagonjwa. Alitoa pia albamu iliyozungumzia upweke na hofu ya mgonjwa anayeachwa na wenzake. Wapigapicha wa filamu walimfuata katika miezi hiyo, hivi kwamba mwili wake ulivyozidi kudhoofika, waliomshuku walijionea wenyewe kwamba hakuwa akiigiza.

Hatimaye alirejea nyumbani kufa. Alifariki Desemba 15, 1989, siku kumi tu kabla ya Krismasi, akiwa na umri wa miaka 38.

Ni kweli kwamba Lutaaya hakuwa peke yake katika mapambano hayo. Serikali ya Yoweri Museveni, iliyotwaa mamlaka mwaka wa 1986, ilikuwa imeanza kuwahamasisha raia, na shirika la TASO lilikuwa limeanzishwa mwaka wa 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake ili kuwatunza wagonjwa. Mwaka wa 1990 kituo cha kwanza cha watu kupimwa kwa hiari kilifunguliwa Kampala. Baadaye ulianzishwa mpango uliopewa jina lake Lutaaya, ambapo watu wenye virusi huenda shuleni na vijijini kueleza maisha yao. Kiwango cha maambukizi miongoni mwa watu wazima, kilichokadiriwa kuwa takriban asilimia 15 mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilishuka hadi karibu asilimia 6 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hakuna awezaye kumpa mwimbaji mmoja sifa ya ushindi huo wote. Lakini alikuwa amewathibitishia watu kwamba mgonjwa anaweza kuwa mwalimu.

Humu nchini kimya kilidumu zaidi. Kisa cha kwanza cha Ukimwi kilitambuliwa mwaka wa 1984, lakini Rais Daniel arap Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, karibu miaka kumi baada ya kifo cha Lutaaya. Katika kipindi hicho vijiji vingi vya magharibi viliwazika vijana wao bila kutaja kilichowaua.

Somo la Lutaaya halijakamilika, kwani lipo kundi ambalo jamii ingali inasita kulisikiliza. Hao ni watu wanaojidunga dawa za kulevya. Sindano moja inapopitishwa mkononi kwa watu kadhaa, damu iliyosalia ndani yake husafirisha virusi moja kwa moja hadi mshipani. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulionyesha kwamba takriban asilimia 18 ya watumiaji hao walikuwa na virusi, ilhali miongoni mwa watu wazima kwa jumla kiwango kilikuwa karibu asilimia 6.

Serikali ilipotangaza mwaka wa 2012 kwamba itawapa sindano safi, baadhi ya viongozi wa kidini na wa kisiasa, hasa Pwani, walipinga wakihofia kuwa uraibu unachochewa. Mpango uliendelea, na Desemba 2014 matibabu ya methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza kiu ya heroini, yalianza katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Waliofanikiwa kuwafikia watumiaji vichochoroni ni wale waliowahi kuwa watumiaji wenyewe, kwa sababu waliaminika.

Mkazi wa Kakamega huenda akaona hayo kuwa mambo ya Nairobi na Mombasa. Lakini hoja yake anaifahamu kutokana na jando. Zamani kisu kimoja cha ngariba kiliweza kuwapitia vijana wengi. Ukimwi ulipoingia, wahudumu wa afya hawakungoja mila ife; walikaa na wazee na ngariba, wakahimiza kila kijana awe na kisu chake. Jamii haikuambiwa kwamba jando ni zuri au baya. Iliambiwa jinsi ya kuwalinda watoto wake. Sindano safi ni hoja hiyo hiyo, isipokuwa anayelindwa ni mtu tusiyempenda.

Hapo ndipo ujasiri wa Lutaaya unapotudai jambo. Alisema ukweli wake kabla watu hawajawa tayari kuusikia, na waliomsikiliza walipona na hatari ambayo yeye hakuiepuka. Mraibu akithubutu kusema ukweli wake leo, kijijini au mjini, itategemea sisi kama atapata msikilizaji au atarudi gizani na sindano ya kuazima.