Adrian Atiman, Mtumwa Aliyekuwa Daktari



Ninyi mkaao Isangi, mahali Lomami unapoingia katika mto mkubwa wa Kongo, mmepata kusikia habari za vita vya watumwa. Katika miaka ya 1880 watu wenye bunduki walitelemka kwa mitumbwi toka upande wa maporomoko, wakachoma vijiji na kuchukua wanawake na watoto. Mwezi wa Novemba 1883 Stanley alipanda mto huo, akakuta majivu ya vijiji kandokando ya maji, na mateka wengi mno wamefungwa minyororo.

Msiba huo haukuwa wa mto wenu tu. Mbali sana, kaskazini-magharibi ya Afrika, uko mto mwingine mkubwa uitwao Niger. Huko nako watoto waliibwa wakauzwa. Leo tunawasimulia maisha ya mmoja wao, Adrian Atiman. Aliuzwa kama mbuzi auzwavyo sokoni, lakini baadaye alisoma katika chuo kikuu jinsi mwili wa mtu ulivyoumbwa, akawa daktari wa maskini kando ya ziwa Tanganyika.

Atiman alizaliwa kama mwaka 1866 huko Tindirma, karibu na mji wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alikuwa mtoto bado alipokamatwa na wezi wa watu. Walimvusha jangwa la Sahara, nchi ya mchanga isiyo na mti wala kijito, hata akafika kusini ya Algeria. Hapo Mapadri Weupe walitoa fedha wakamkomboa. Wakamlea pamoja na watoto wengine waliokombolewa, wakamfundisha kusoma na kuandika, na baada ya mafundisho akabatizwa.

Mkubwa wa mapadri hao alikuwa Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliyefanywa Kardinali mwaka 1882. Ndiye aliyeweka kanuni kwamba mtu akae miaka 4 katika mafundisho kabla ya ubatizo. Yeye aliona jambo moja waziwazi: wamisionari waliopelekwa katikati ya Afrika walikufa upesi kwa homa, na watu wa huko nao walikufa kwa magonjwa bila msaada. Basi akaazimu kuwasomesha vijana wa Kiafrika wawe madaktari na wakatekista pamoja. Hawakupaswa kuwa mapadri. Wangeoa na kukaa na watu kama watu.

Mwaka 1881 akaanzisha nyumba ya vijana hao katika kisiwa cha Malta, kwa sababu huko palikuwa na chuo kikuu kifundishacho tiba. Masomo ya viungo vya mwili yalikuwa ya zamani sana katika kisiwa hicho. Nicolas Cotoner, mkuu wa Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, alianzisha shule ya anatomia na upasuaji mwaka 1676, ndani ya hospitali yao kubwa. Katika kisiwa hicho Atiman alisoma mpaka mwaka 1888.

Anatomia ni nini? Ni elimu ya kujua kila kiungo: kiko wapi, kimeshikana na nini, na kinafanya kazi gani. Mwanafunzi wa tiba hana budi kuijua mifupa 206 ya mtu mzima, mmoja mmoja. Hana budi kujua njia za mishipa ya damu, mahali pa ini, bandama na figo, na jinsi moyo unavyosukuma damu. Elimu hii haipatikani kwa kitabu peke yake. Lazima mwanafunzi apasue maiti, atazame kwa macho yake na kushika kwa mikono yake.

Hapa wengine wenu mtashtuka. Katika vijiji vingi mtu agusaye maiti kwa kisu huitwa mchawi. Mtauliza: je, haitoshi kupasua mnyama? Jibu la swali hilo limo katika historia yenyewe.

Zamani za utawala wa Roma aliishi mganga mmoja mwenye akili nyingi, jina lake Galen. Desturi ya wakati ule haikuruhusu kupasua maiti ya mtu. Kwa hiyo alipasua nyani, nguruwe na wanyama wengine, akaandika kana kwamba mtu naye yu hivyo. Vitabu vyake vilifuatwa kwa muda wa miaka 1,300 hivi. Ndipo Andreas Vesalius, mzaliwa wa mji wa Brussels, alipopasua maiti za watu, na mwaka 1543 akatoa kitabu kikubwa cha anatomia. Alionyesha makosa mengi. Kwa mfano, Galen alisema taya la chini la mtu lina mifupa miwili; Vesalius aliona kwamba kwa mtu mzima ni mfupa mmoja tu.

Walakini wanyama nao wanatufundisha mengi. Shingo ya mtu ina pingili 7. Ya mbuzi vilevile 7. Moyo wa mtu una vyumba 4. Wa mbuzi na wa kuku pia 4. Lakini mvuvi akipasua samaki na kuutazama vema moyo wake, ataona vyumba 2, na moyo wa chura una 3. Mbuzi acheuaye ana tumbo lenye sehemu 4 kwa ajili ya majani yake. Mtu ana mfuko mmoja wa tumbo. Kwa hiyo mwenye kujua mwili wa mnyama ameanza kujua, lakini hajamaliza. Akimkata mtu kwa kufuata mfano wa mbuzi, atamwua. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa kwa kutojua, damu yote humwagika kwa dakika chache.

Kwa sababu hiyo Kanisa halikatazi kupasua maiti kwa ajili ya elimu. Linadai heshima tu, maana mwili ule ulikuwa hekalu la Roho Mtakatifu, nao utafufuka. Mchawi humtafuta mtu mzima ili amwue. Mwanafunzi wa tiba humtazama aliyekwisha kufa ili mgonjwa asife. Mambo hayo mawili ni mbali kama usiku na mchana.

Tena chini ya ngozi watu wote ni sawa. Ukiondoa ngozi, hutaona mfupa wa mtumwa wala moyo wa bwana, hutaona ini la mweusi wala la mweupe. Ni mwili mmoja wa binadamu. Wezi wa Sahara walimhesabu Atiman kuwa mnyama wa kuuzwa, lakini kila maiti iliyopasuliwa shuleni ilishuhudia kwamba walisema uongo.

Mwaka 1888, Kardinali Lavigerie alipokuwa akihubiri Paris, London na Brussels juu ya ukatili wa biashara ya watumwa, Atiman naye alimaliza masomo yake. Angaliweza kubaki penye amani. Badala yake alisafiri kwa meli, kisha kwa miguu katika njia ndefu ya misafara toka pwani, njia ile ile ambayo watumwa waliipita wakipelekwa baharini. Yeye aliipita kwa kuelekea bara, amechukua dawa na vyombo vya daktari. Mwaka 1889 akafika Karema, penye ufukwe wa mashariki wa ziwa Tanganyika, kuelekea Mpala iliyo ng'ambo katika Kongo.

Huko alimwoa Agnes Wansahira, na mwana wao Joseph akawa padri. Huko akatibu watu wenye homa na vidonda, akafunga mifupa iliyovunjika, na pamoja na kazi hiyo akafundisha dini. Alikuta nchi yenye hofu ya wakamata watumwa, akaona Wajerumani wakitawala, kisha Waingereza. Tawala zilibadilika, daktari alibaki palepale. Alifariki mwaka 1956, mwenye umri wa miaka 90 hivi, baada ya miaka 67 ya kazi. Hakurudi tena kukaa Tindirma. Watu wa Karema ndio waliokuwa jamaa yake.

Ndugu zangu, nyumba ya Malta haipo tena, lakini mafundisho yake hayajapita. Siku hizi kijana wa Isangi hana haja ya kuvuka bahari. Akipanda mto mpaka Kisangani, atakuta chuo kikuu chenye masomo ya tiba. Huko naye atahesabu mifupa, atapasua maiti, na pengine usiku hatapata usingizi katika siku za kwanza.

Atakaporudi likizo, msimkimbie. Msikatae kula naye, wala msinong'one kwamba amejifunza uchawi. Mama yake asione aibu mbele ya majirani. Mwulizeni habari za moyo na mapafu, naye awaeleze. Maana siku mtoto wenu atakapovunjika mguu kwa kuanguka toka mchikichi, mtautafuta mkono unaojua mfupa uko wapi na mshipa unapita wapi. Mkono huo haujui kwa kubahatisha. Umefundishwa na wafu, ili uwaponye walio hai.